Carl Diem, mwenge wa Olimpiki, na swali gumu kuliko "Je, alikuwa Mnazi?"

Tarehe 13 Aprili 2008 mwenge wa Olimpiki ulikimbizwa Dar es Salaam ukiwa njiani kwenda Beijing. Mwaka ule hakuna mji mwingine wa Afrika uliopangiwa kuupokea. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, ambaye naye alikuwa amechaguliwa kuukimbiza, alijitoa siku chache kabla kwa sababu ya haki za binadamu na yaliyokuwa yakitokea Tibet. Basi yakazuka yale mabishano ya siku zote: mbona mnaingiza siasa kwenye michezo?

Mtanzania aliyekua akiuona Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani kwake hana sababu ya kushangaa kwamba moto unaokimbizwa hubeba siasa. Lakini watu wengi huamini kwamba wa Olimpiki ni wa namna nyingine, kwamba ni urithi safi wa Wagiriki wa kale. Sivyo. Wagiriki wa Olympia ya kale hawakuwahi kukimbiza mwenge kutoka nchi moja hadi nyingine ili kufungua michezo yao. Mbio hizo zilianza mwaka 1936, kwa ajili ya michezo ya Berlin, chini ya utawala wa Hitler. Aliyezipanga ni katibu mkuu wa kamati ya maandalizi, Carl Diem, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshaifanya elimu ya viungo kuwa somo la chuo kikuu.

Wajerumani wamegombana juu ya mtu huyu kwa miongo kadhaa. Shule na mitaa ilipewa jina lake, kisha sehemu nyingine likafutwa. Kumwelewa hakuhitaji mtu awe mpenzi wa riadha, ila kunahitaji kurudi nyuma kidogo, kwa sababu fundo lenyewe lilifungwa kabla hajazaliwa.

Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi wa Hasenheide, nje ya Berlin. Wakati huo Prussia, dola ya Wajerumani iliyotawaliwa kutoka Berlin, ilikuwa imeshindwa vibaya na Napoleon. Jahn aliwakusanya vijana wapande milingoti, waruke, wabebe, washindane kwa nguvu, na lengo lake lilikuwa wazi: siku moja wawatimue Wafaransa. Mazoezi hayo, ambayo Wajerumani huyaita Turnen, yaliwatisha hata watawala wenyewe, wakayapiga marufuku kuanzia 1820 hadi 1842. Baadaye Adolf Spiess aliyaingiza shuleni, yakawa somo la kupanga mistari na kutii amri. Kwa hiyo tangu mwanzo, nchini Ujerumani, mazoezi ya viungo yalikuwa na mwenyewe, naye ni taifa. Mwili wa kijana ulitunzwa kwa niaba ya nchi.

Kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ukaja mchezo wa Kiingereza: mpira, riadha, saa ya kupimia muda, rekodi. Wazee wa Turnen waliuchukia. Waliona kwamba mtu anayekimbia ili amshinde mwenzake kwa sehemu ya sekunde ni mtu mwenye ubinafsi, na zaidi ya hayo anaiga wageni. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba miaka ya 1920 vyama vya pande hizo mbili viliachana rasmi, wanachama wakatakiwa wachague upande.

Diem alikuwa mtoto wa upande wa pili. Alizaliwa Würzburg tarehe 24 Juni 1882, akakulia Berlin. Baba yake alifilisika, na kijana akapelekwa kujifunza biashara badala ya kuendelea na masomo ya juu. Hili ni la kukumbuka: mwanzilishi wa elimu ya juu ya michezo hakuwa na shahada hata moja aliyoisomea. Alichokuwa nacho ni miguu, kalamu na kipaji cha kuendesha vikao. Mwaka 1899, akiwa na miaka 17, alianzisha klabu ya riadha. Akaandikia magazeti ya michezo. Akapanda ngazi katika chama cha riadha cha taifa, na mwaka 1908 akawa mwenyekiti wake. Aliiongoza timu ya Ujerumani kwenye Olimpiki ya Stockholm 1912, na huko aliona Waswidi wakitoa beji kwa mwananchi wa kawaida aliyefaulu majaribio ya kukimbia, kuruka na kuogelea. Akaileta kwao. Beji hiyo ya michezo Wajerumani wanaifanyia majaribio hadi leo, na wengi hawajui iliingiaje nchini.

Berlin ilikuwa imepewa Olimpiki ya 1916, na mwaka 1913 Diem akateuliwa kuwa katibu wa maandalizi. Tarehe 8 Juni mwaka huo Kaisari Wilhelm II alifungua uwanja mpya katika msitu wa Grunewald. Mwaka huohuo Diem alisafiri Marekani kujifunza jinsi Wamarekani walivyowafundisha wanariadha wao, akarudi na Alvin Kraenzlein, mshindi wa medali nne za dhahabu za Paris 1900, kuwa kocha wa timu ya Ujerumani. Katika msafara ule alikuwemo pia ofisa wa jeshi, Walter von Reichenau. Kijana huyo baadaye alipanda hadi kuwa jenerali mkuu katika jeshi la Hitler na, jambo ambalo husahaulika, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba jeshi liliingia kwenye michezo ya Ujerumani mwaka 1933 kwa kuvunja mlango. Lilikuwa limeketi sebuleni miaka 20 nzima.

Vita vilipoanza 1914, Olimpiki ya 1916 ikafa. Diem akaenda vitani, akajeruhiwa, akarudi, na mwaka 1917 akawa katibu mkuu wa baraza la taifa la mazoezi ya viungo. Nafasi hiyo aliishika hadi 1933, na humo ndimo alimofanya kazi kubwa kuliko zote.

Ujerumani ilikuwa imeshindwa. Mkataba wa Versailles uliwapunguzia jeshi hadi askari 100,000 na kuwakataza kuwaandikisha vijana kwa lazima. Michezo ya Olimpiki ya 1920 na 1924 hawakualikwa. Kwa Diem na wenzake, swali likawa: kijana ambaye zamani angepitia kambini miaka miwili, sasa nani atamwimarisha mwili na nidhamu? Jibu lao lilikuwa michezo kwa wote. Baraza lilidai sheria ya viwanja vya michezo ambayo ingehakikisha mita za mraba 3 kwa kila mkazi. Walidai pia mazoezi yawe ya lazima kwa vijana. Sheria haikupita, lakini dai la viwanja liliwapa wapangaji wa miji kipimo ambacho hawakuwa nacho.

Nakiri kwamba sehemu hii ya maisha yake inanivutia kuliko mwenge. Tarehe 15 Mei 1920 ilifunguliwa Berlin Deutsche Hochschule für Leibesübungen, chuo cha juu cha mazoezi ya viungo, mbele ya Rais Friedrich Ebert. Mkuu wake wa kwanza alikuwa August Bier, daktari bingwa wa upasuaji ambaye mwaka 1898 alikuwa amefanya majaribio ya ganzi ya uti wa mgongo, ile ambayo leo mama anayejifungua kwa upasuaji huchomwa mgongoni. Diem alikuwa naibu wake, na kwa vitendo ndiye aliyekiendesha.

Kumweka daktari mkubwa mbele ilikuwa hesabu ya makusudi. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilijivunia falsafa na kemia, na maprofesa waliona kurukaruka kama kazi ya sajini. Ili somo jipya liheshimiwe lilihitaji koti jeupe. Mafunzo yaligawanywa katika idara nne: mazoezi yenyewe, afya, malezi, na uendeshaji. Ndani ya idara ya afya walipima mapafu, moyo, misuli na uchovu. Katika malezi waliuliza mtoto ajifunzeje kutembeza mwili wake bila kupigiwa filimbi. Katika uendeshaji walifundisha mambo ambayo wachache wakati huo waliyahesabu kuwa somo: ujenzi wa viwanja, fedha za chama, kuandaa mashindano. Wanawake walisoma hapo, mmoja wao akiwa Liselott Bail, aliyeolewa na Diem mwaka 1930 na ambaye baadaye naye alikuja kuwa profesa na mkuu wa chuo. Mtu yeyote anayesoma shahada ya sayansi ya michezo leo, awe Nairobi au Leipzig, atautambua mgawanyo huo. Diem mwenyewe alipewa na Chuo Kikuu cha Berlin shahada ya heshima ya udaktari wa tiba, na tangu hapo aliitwa Dokta.

Lakini tazama kilichokuwa chini ya jengo hilo. Chuo kilitafuta ukweli juu ya mwili wa binadamu, na wakati huohuo kilitakiwa kulitolea taifa kile ambacho kambi za jeshi zilikuwa zimekatazwa kulitolea. Diem hakuona mgongano wowote. Kwake, sayansi, uzuri wa Kigiriki na utayari wa kupigana vilikuwa kitu kimoja. Hakuhitaji chama chochote kumfundisha hivyo. Alikuwa ameamini hivyo tangu enzi za Kaisari. Mwanahistoria Ralf Schäfer, aliyechunguza maandishi yake ya ujanani, anaonyesha kwamba humo mna utaifa mkali, kuitukuza vita, na dharau kwa Wayahudi, yote kabla Hitler hajajulikana na mtu.

Mwaka 1931 Berlin ilipewa tena Olimpiki, ya 1936. Kamati ya maandalizi iliundwa tarehe 24 Januari 1933, mwenyekiti wake Theodor Lewald na katibu wake Diem. Siku sita baadaye Hitler akawa kansela.

Hapa wanaomtetea na wanaomshutumu wote wana ushahidi, ndiyo maana fundo halifunguki kwa kulivuta upande mmoja. Wanaomtetea wanasema kweli kwamba Wanazi hawakumpenda. Lewald alikuwa na baba wa asili ya Kiyahudi, chuo chao kilikuwa na walimu Wayahudi, na magazeti ya chama yaliwashambulia wote wawili. Mwaka 1933 Diem alipoteza ukatibu wa baraza na pia unaibu wa chuo. Chuo chenyewe hakikupona. Nafasi yake ilichukuliwa na taasisi ya serikali. Hakuwahi kujiunga na chama cha Nazi. Hayo yote ni sahihi.

Wanaomshutumu nao wanasema kweli kwamba alibaki. Alibaki kwenye kamati ya Olimpiki kwa sababu serikali mpya iligundua haraka kwamba michezo ile ni hazina, na kwamba katika nchi nzima hakuna aliyejua kuiandaa kama yeye. Naye aligundua kwamba alichokuwa akikiomba kwa miaka mingi bila kupata, fedha, uwanja, heshima, sasa kiko mezani. Gretel Bergmann, mruka juu Myahudi aliyefikia rekodi ya taifa wiki chache kabla ya michezo, aliondolewa kwenye timu. Kamati iliendelea na kazi.

Mwenge ndio uliozaa jina lake duniani. Moto wa kuwaka uwanjani ulikuwepo tangu Amsterdam 1928, ila kuukimbiza kutoka Olympia lilikuwa jambo jipya. Wapo wanahistoria wanaosema mbegu ya wazo ilitoka kwa ofisa wa Wizara ya Propaganda. Hata ikiwa hivyo, mpango wote ni wa Diem. Alisaidiwa na rafiki yake Alfred Schiff, mwanaakiolojia aliyekuwa mkurugenzi wa utawala wa kile chuo cha zamani, aliyezijua sherehe za Kigiriki ambamo vijana walipokezana mienge mjini. Schiff alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Kwa hiyo tambiko ambalo Wizara hiyo ya Propaganda, chini ya Goebbels, ililitangaza kwa majigambo lilitegemea elimu ya mtu ambaye utawala huohuo haukumhesabu kuwa raia kamili.

Tarehe 20 Julai 1936 miale ya jua ilikusanywa kwa kioo kule Olympia, mwenge wa kwanza ukawaka, na wakimbiaji zaidi ya 3,000 wakaupokezana kupitia Ugiriki, Bulgaria, Yugoslavia, Hungaria, Austria na Chekoslovakia hadi Berlin tarehe 1 Agosti. Mienge ilitengenezwa na kampuni ya Krupp, wafua mizinga. Mjini Vienna Wanazi wa Austria waligeuza mapokezi kuwa maandamano yao. Miaka mitano baadaye, Austria, Chekoslovakia, Yugoslavia na Ugiriki zote zilikuwa zimepitiwa tena na Wajerumani, safari hiyo kwa vifaru.

Kuna kisa kidogo cha pembeni ambacho siwezi kukiacha. Kwa ajili ya sherehe ya mwenge kule Delphi, Diem aliagiza jiwe lichongwe pete tano za Olimpiki, likawekwa kwenye uwanja wa kale. Sherehe ikaisha, jiwe likabaki. Miaka ikapita, waandishi wa Kimarekani wakalikuta, wakadhani ni la kale, na vitabu kadhaa vikaandika kwamba pete tano ni alama ya Wagiriki wa zamani. Pete hizo zilichorwa na Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki ya kisasa, mwaka 1913.

Jioni ya siku ya ufunguzi uwanjani Berlin lilichezwa igizo kubwa ambalo Diem aliliandika mwenyewe, lenye maelfu ya vijana, muziki wa Carl Orff na Werner Egk, na mwisho Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Katika sehemu moja mashujaa wawili wanapigana na kuuana, kisha wanawake wakiongozwa na mcheza dansi Mary Wigman wanacheza ngoma ya kuomboleza. Watazamaji walipiga makofi. Katika sherehe ya vijana wa dunia, mwandishi aliona inafaa kuweka kifo cha kishujaa, na inaonekana hakuna aliyeona ajabu.

Baada ya michezo hakupotea. Mwaka 1938 aliongoza taasisi ya kimataifa ya Olimpiki iliyofunguliwa Berlin, akachapisha jarida la Olimpiki hata vita vilipokuwa vikiendelea. Alishika idara ya mambo ya nje ya shirika la michezo la utawala wa Nazi. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka, aliandika makala ya kushangilia namna askari wa Ujerumani walivyoivuka nchi ile mbio, akiwasifu kama mtu anayesifia mbio nzuri uwanjani.

Halafu ikaja tarehe 18 Machi 1945. Warusi walikuwa wamekaribia Berlin. Kwenye eneo la uwanja wa Olimpiki walikusanywa wavulana wa Vijana wa Hitler na wanamgambo wazee, watu wa kutupwa mstari wa mbele bila mafunzo. Diem, mwenye miaka 62, aliwahutubia. Kati ya waliomsikiliza alikuwepo kijana wa miaka 18, Reinhard Appel, aliyekuja kuwa mwandishi wa habari maarufu na mhariri mkuu wa televisheni ya ZDF. Miaka ya 1980 Appel alianza kusimulia hadharani kwamba Diem aliwataka wafe kwa ajili ya nchi kama Wasparta, wale Wagiriki wa kale waliolelewa kwa ajili ya vita. Watetezi walisema kumbukumbu ya mtu baada ya miaka 40 haiaminiki. Lakini maelezo mafupi ya hotuba yaliyoandikwa na Diem mwenyewe yamo katika nyaraka zake, na ndani yake mna Sparta, na mna mstari wa mshairi Tyrtaios kwamba ni kuzuri kufa ukiipigania nchi yako. Berlin ilijisalimisha tarehe 2 Mei, wiki sita tu baadaye.

Mtu angedhani habari yake iliishia hapo. Kumbe tarehe 29 Novemba 1947 Diem alikuwa Köln, katika eneo lililokaliwa na Waingereza, akifungua chuo kipya cha michezo, Deutsche Sporthochschule, ambacho leo kinajulikana dunia nzima. Alikiongoza hadi alipofariki tarehe 17 Desemba 1962. Alikuwa pia katibu mkuu wa kamati ya Olimpiki ya Ujerumani Magharibi na mshauri wa michezo katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Pamoja na Mgiriki Ioannis Ketseas alihangaikia Chuo cha Kimataifa cha Olimpiki kilichofunguliwa Olympia mwaka 1961. Alipata nishani ya taifa.

Iliwezekanaje? Kadi ya chama hakuwa nayo, na katika miaka ile hilo lilifungua milango mingi. Nchi ilihitaji walimu wa michezo, na waliobaki wenye ujuzi walikuwa wachache. Ila nadhani sababu kubwa zaidi ni kwamba swali lililoulizwa lilikuwa rahisi mno. Watu waliuliza kama alikuwa Mnazi. Jibu la hapana likawa cheti cha usafi. Hakuna aliyeuliza kama mtu anaweza kuwapeleka wavulana kufa bila kuwa Mnazi, kwa kuamini tu yale aliyokuwa ameyaamini tangu 1913: kwamba mwili wa kijana ni mali ya taifa, na uwanja wa michezo ndipo unapoandaliwa. Chuo cha 1920, igizo la 1936 na hotuba ya 1945 havikutoka kwa watu watatu tofauti. Wala chuo cha 1920 hakigeuki kuwa kibaya kwa sababu ya hotuba ya 1945. Mapafu yaliyopimwa pale yalipimwa vizuri.

Frank Becker, aliyeandika wasifu wake mrefu kuanzia 2009 katika mradi ulioungwa mkono na shirikisho la Olimpiki la Ujerumani na chuo cha Köln, alimwona kama mtu wa tabaka na kizazi chake, aliyekubali kutumika ili kazi yake iendelee. Wakosoaji walimwambia Becker amekuwa mpole mno, hasa kuhusu Wayahudi na kuhusu vita. Ugomvi ulihamia kwenye mabaraza ya miji, ambako madiwani ambao hawajawahi kusoma barua moja ya Diem walilazimika kupiga kura juu ya vibao vya mitaa. Sehemu nyingine jina likabaki, nyingine likaondoka. Shirikisho la riadha na lile la Olimpiki yalibadilisha majina ya tuzo zilizokuwa zikimkumbuka. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, barabara ya Köln inayopita mbele ya chuo alichokianzisha, iliyoitwa Carl-Diem-Weg, ilipewa jina jipya, Am Sportpark Müngersdorf. Nyaraka zake, pamoja na yale maelezo ya hotuba, zimehifadhiwa ndani ya chuo hichohicho.